Kiingereza cha Kuzunguka

Wafagiaji wa jengo lile la ghorofa tisa walipanda kazini na sare zao, vitambaa vyao vya kichwa na pumzi zao, basi. Simu, pochi, mikoba, hata chupa za maji, vyote vilibaki kwenye makasha ya bati kando ya dirisha la mlinzi, mlango wa nyuma. Sheria hiyo ilizaliwa siku bangili ya mpangaji mmoja ilipopotea. Bangili ilionekana wiki ile ile, ndani ya droo ya mwenyewe, lakini sheria haikurudi ilikotoka. Kila kasha lilikuwa na namba, na kila mwanamke alijua namba yake kama anavyojua jina la mama yake.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Mmoja wao wenzake walimwita Redio, kwa sababu saa ya chai alichukua simu yake kwenye kasha, akageuza ndoo juu chini karibu na mfereji wa uani, akaikalia, akatia waya masikioni na kuanza kutikisa midomo. Alikuwa anarudia maneno ya watu. Mtu akipita alisikia Kiingereza kikitoka kwa sauti ya chini, mara sauti ya mzee, mara sauti ya msichana, mara kicheko cha kuiga.

"Redio leo imeshika stesheni gani?" wenzake walimuuliza.

"Ya taarifa ya habari," naye alijibu bila kutoa waya. "Wanasema kuna wafagiaji kumi hawajamaliza ngazi."

Aliyecheka kidogo kuliko wote alikuwa wifi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wa Redio, mwanamke mpana, mwenye ulimi usiojua kupumzika na kifua cha pumu tangu utotoni. Mume alipofariki, Wifi ndiye aliyesema, "Njoo ukae kwangu, nyumba yangu ni nyumba ya ndugu yangu." Huu ulikuwa mwaka wa tatu wanalala chumba kimoja, pazia katikati. Wifi ndiye aliyemwingiza kazini, na hakuna wiki iliyopita bila kumkumbusha. Hakukumbusha kwa ubaya. Alikumbusha kama mtu anayegusa mfuko kuona kama ufunguo bado upo.

Hicho Kiingereza Redio alikuwa anakitoa kwenye jukwaa moja la mtandaoni. Watu wa kila nchi waliingia humo kuuliza swali moja tu kwa sura elfu: hivi wenyewe wanasemaje? Mtu aliandika sentensi yake, na wenye lugha walimjibu: hapana, hiyo ni ya kitabuni, sisi husema hivi. Kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu huko kwao, ambaye mahali pa picha yake aliweka paka mwenye miwani. Redio alimwita Baba Paka. Baba Paka alijibu maswali yake yote, hata yale aliyoyaona mwenyewe kuwa ya kijinga, na alikuwa na somo moja aliloshika kuliko mengine: mtu wa kwetu haendi moja kwa moja, huzunguka.

Redio aliyaandika yote katika daftari la kurasa arobaini, kwa safu tatu. Safu ya kwanza, ninavyosema mimi. Safu ya pili, wanavyosema wenyewe. Safu ya tatu, maana yake hasa. Usiseme nataka maji; sema sijui kama ingewezekana nikapata maji kidogo, kama si usumbufu. Usiseme naumwa sana. Sema sijisikii vizuri sana leo. Maana mtu wa kwetu, alisema Baba Paka, hata mguu ukivunjika husema unamsumbua kidogo. Na mkubwa akikuambia wazo lako linavutia na atalitazama, safu ya tatu ilisema: limekataliwa.

Redio alikipenda Kiingereza hicho. Kilimfaa mwilini kama nguo aliyoshonewa. Kwani si ndivyo alivyolelewa? Ukifika kwa watu huanzi na shida. Unapiga hodi, unaulizia watoto, unaulizia afya za wazee, ndipo unakohoa kidogo na kusema lililokuleta. Kiingereza alichofundishwa shuleni kilikuwa kitu kingine. Hicho kilikuwa cha mwalimu mmoja wa darasa la tatu, mwanamke mfupi mwenye rula, aliyewapa watoto sabini maneno machache na kuwaamuru wayaseme wima, kwa sauti, kama wanaomwita mtu ng'ambo ya mto. Moto. Maji. Naumwa. Njoo. Nisaidie. Redio aliona haya kwamba aliwahi kuzungumza hivyo.

"Hebu niambie," Wifi alimwambia jioni moja, amelala upande wake wa pazia. "Hayo maji yako. Mpaka umalize kuyaomba hivyo, si kiu imeshakuua?"

"Wifi, ni adabu."

"Adabu sikatai. Nauliza habari za kiu."

Basi ikatokea nafasi. Dada wa mapokezi alikuwa anakwenda kujifungua na hakusudii kurudi, na meneja wa jengo, ambaye alikuwa mgeni na hakujua lugha ya wafagiaji wake hata ya kusalimia, alibandika tangazo: mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kujaribu, mradi Kiingereza chake ni cha kumtuliza mpangaji mwenye hasira. Usaili ungekuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili. Redio aliandika jina lake wa kwanza.

Wifi hakusema kitu siku mbili, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa. Siku ya tatu alisema, "Ukikaa pale mbele kwenye viyoyozi, utatujua sisi wa mlango wa nyuma?"

"Nitakujua vipi nisikujue? Si nalala na mkoromo wako?"

"Mimi sikoromi. Ni kifua kinasali."

Alhamisi hiyo waliamka mapema. Kazi yao ilikuwa kushusha takataka za ghorofa za juu kwa lifti ya mizigo, ile ya nyuma, maana ya mbele ilikuwa ya wapangaji. Ghorofa ya saba mafundi walikuwa wameng'oa mazulia ya zamani, wakayaviringa na kuyaacha ukumbini, mazito, yenye vumbi la miaka. Ghorofa ya sita walikuwa wanatoboa kuta kwa mashine, na jengo zima lilikuwa linanguruma kama lina homa. Ilikuwa karibu saa tatu. Kwa desturi mazulia yale yangeshushwa kwa safari tatu.

"Tupakie yote mara moja," Wifi alisema.

"Ni mazito, Wifi. Na hilo vumbi na kifua chako."

"Wewe si una miadi na Malkia saa nne? Unataka kwenda unatoka jasho? Shika huku, acha maneno."

Hivyo ndivyo Wifi alivyotoa baraka zake. Hakuwa na namna nyingine. Redio alielewa, akashika upande wake, wakasukuma mazulia manne, mapipa mawili na wenyewe wawili ndani. Milango ikafunga. Lifti ikashuka kimo cha mtu, ikalia kama mtu aliyekalia mwiba, ikasimama. Taa kubwa ikazima. Ikabaki ndogo ya kona, rangi ya chai ya maziwa.

Walisubiri kwanza kama watu wazima. Kisha wakapiga milango kwa viganja, kisha kwa mpini wa dekio, wakaita mlinzi, wakaita mafundi. Mashine za ghorofa ya sita zilimeza kila kitu. Vumbi lililoamshwa kwenye mazulia halikuwa na pa kwenda. Lilielea kwenye ile taa, likaingia kwa kila pumzi waliyovuta.

Wifi alikaa juu ya zulia. Akaweka mikono magotini. Redio alimjua, miaka mitatu nyuma ya pazia alikuwa amejifunza ngazi zote za kifua kile, na hii haikuwa ya chini.

"Pampu," Wifi alisema.

Pampu yake ya pumu ilikuwa kwenye kasha namba tisa, kando ya dirisha la mlinzi, ghorofa saba chini.

Ukutani kulikuwa na kitufe chenye picha ya kengele, na chini yake matundu madogo ya sauti. Wafagiaji walikuwa hawakigusi. Walijua tu kwamba kinaita watu wa mbali, kampuni yenye lifti, wasiosema ila Kiingereza. Redio alikibonyeza.

Ikaanza sauti ya mashine. Ilimkaribisha. Ilimwambia kwamba mazungumzo haya yanarekodiwa, na yanaweza kusikilizwa na uongozi wa jengo lake.

Redio alisikia neno uongozi na mgongo wake ukanyooka. Saa tatu na dakika kumi. Chini huko meneja alikuwa amekaa na majina ya wasailiwa mezani, na jina lake lilikuwa la kwanza. Akalainisha koo. Akaweka kitambaa cha kichwa sawa, kana kwamba matundu yale yana macho.

Akajibu mwanamke. Redio akamsalimu. Akamtakia asubuhi njema na kumwambia anasikitika kumsumbua. Ni kwamba wamejikuta katika hali isiyo ya kawaida kidogo, lifti yao inaelekea imesimama, naye alikuwa anawaza tu kama kuna mtu angeweza kuja kuitazama. Maneno yalitoka yakiteleza. Hakukwama hata mahali pamoja.

"Kuna aliyeumia?" yule mwanamke aliuliza.

Redio alimtazama Wifi. Mishipa ya shingo ilikuwa inavutika kila pumzi ikiingia.

"Hapana, hakuna aliyeumia, nashukuru," alijibu kwa kile Kiingereza chake cha daftari. "Ila wifi yangu hapa hajisikii vizuri sana. Kifua kinamsumbua kidogo. Kama fundi angeweza kupita wakati wowote utakaomfaa, tungefurahi sana."

"Asante kwa utulivu wako," alisema yule mwanamke, na vitufe vikasikika vikigongwa. "Ningetamani wote wanaopiga wawe kama wewe. Na Kiingereza chako ni kizuri ajabu. Umeishi kwetu?"

Redio alifurahi. Mungu amsamehe, alifurahi. Ndani ya bati lile, mtu wake amekunjamana juu ya zulia, joto la furaha lilimpanda toka tumboni hadi masikioni. Miaka miwili ya kukalia ndoo ilikuwa imejibiwa.

"Una maneno mazuri wewe," alisema, na kweli hivyo ndivyo wenyewe wanavyosema.

Fundi atafika ndani ya saa mbili, yule mwanamke alimwambia, na simu ikakatika.

"Wanakuja?" Wifi aliuliza.

"Wanakuja."

"Lini?"

Redio aliokota kipande cha uzi kilichokuwa kwenye sare yake. "Ndani ya saa mbili."

Wifi alifumba macho. Hakutukana, hakutania. Hapo ndipo Redio alipoogopa mara ya kwanza.

Aliinua ukingo wa sare, akamfunika Wifi pua na mdomo kuzuia vumbi. Wifi akausukuma, hakuweza kuvumilia kitu usoni. Akamfungua vifungo vya juu. Akamkalisha wima, mgongo kwa mgongo, kama walivyokuwa wakifanya nyumbani dawa ikichelewa. Akasali, mwenzake akifuata kwa midomo tu. Dakika kumi, kumi na tano. Mlio wa kifua ulikuwa mwembamba sasa, kama mlango wa kabati unaofunguliwa polepole na mwizi.

Akabonyeza tena. Sauti ya mashine ikamwambia tena kwamba anarekodiwa. Safari hii akapokea kijana wa kiume.

"Naona taarifa yenu hapa," alisema. "Mteja ametulia, hakuna dharura. Fundi ameshapangwa. Nikusaidie nini kingine?"

"Samahani sana kukurudia," Redio alisema. "Najua mna kazi nyingi. Ni kwamba hali imebadilika kidogo, na nilikuwa nawaza kama, isipokuwa taabu kwenu, fundi anaweza kuja mapema zaidi."

"Ninaelewa kabisa jinsi jambo hili linavyokera."

Hiyo Redio aliijua. Ilikuwa ukurasa wa kumi na nne. Kumbe na yeye anazunguka! Kijana huyu na Redio walikuwa kama watu waliosimama mlangoni, huyu anasema pita wewe, huyu anasema hapana, tangulia, na hakuna anayepita, na nyuma yao mtu anazama.

"Ungependa niandike kwamba ni haraka?" kijana aliuliza.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Ulikuwa wazi. Redio angepita kwa neno moja. Lakini mkono wa daftari ulimshika ulimi, na sikio la meneja lilikuwa ndani ya yale matundu, na akajisikia anasema, "Kama haiwapi usumbufu."

"Basi nitaweka alama tu kwamba umepiga. Siku njema."

Ikakatika.

Wifi alimgeukia. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Alizungumza kwa vipande, akipumzika kila baada ya viwili vitatu.

"Umemwambia... nakufa?"

"Nimemwambia, Wifi."

"Hujamwambia." Akapumzika. "Mimi Kizungu sikijui. Lakini namjua... mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Na mtu ambaye nyumba yake... inaungua. Wewe ulikuwa... unaomba chumvi."

Redio alikitazama kitufe.

"Unamwogopa nani?" Wifi aliuliza. "Tuko wawili tu humu."

Hawakuwa wawili. Redio alijua alikuwa amemwingiza meneja, na ile meza ya mapokezi, na Baba Paka na miwani yake, na yule mwanamke wa kwanza na sifa zake, wote wamejazana humo juu ya mazulia wanavuta hewa ya Wifi. Aliona haya. Akaweka kiganja ukutani. Akasema moyoni, Mungu, nipe maneno. Akayatafuta katika daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, safu ya pili toka juu hadi chini. Hakukuwa hata sentensi moja ya mtu anayekufa.

Akabonyeza. Mashine ilianza kumkaribisha, naye hakungoja imalize. Alipofungua kinywa alitoka yule mwalimu mfupi wa darasa la tatu na rula yake.

"Nisaidie!" alipiga kelele kwa Kiingereza. "Nisaidie! Mwanamke hapumui! Lifti! Watu wawili! Njoo!"

Alipokea yule mwanamke wa kwanza. "Tafadhali, tulia, niambie pole..."

"Situlii! Hapumui! Njoo! Njoo sasa!"

 Kisha sauti ya upande wa pili ikabadilika kabisa, sukari yote ikatoka, ikawa sauti ya mama aliyeona mtoto karibu na kisima.

"Ana dawa?"

"Dawa ipo! Kasha tisa! Chini! Mlinzi! Mpigie mlinzi! Kasha tisa!"

"Usikate. Nampigia mlinzi sasa hivi. Endelea kuzungumza na mimi."

Redio hakuwa na zaidi ya hayo, basi aliyarudia. Njoo. Hapumui. Kasha tisa. Aliyarudia kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya mto, mkono mmoja kwenye kitufe na mwingine kwenye bega la Wifi, mpaka mashine za ghorofa ya sita zikanyamaza ghafla na juu ya vichwa vyao wakasikia viatu vinakimbia.

Mafundi walipenyeza nondo kwenye milango ya ghorofa ya saba. Ukafunguka ufa wa upana wa kiganja, juu karibu na dari ya lifti, na kabla hawajaupanua, mkono wa mlinzi ukashuka humo na pampu. Redio alipanda juu ya mazulia, akaupokea ule mkono kwanza, akaubusu bila kujijua, ndipo akachukua pampu.

Wifi alilazwa hospitali siku nne. Daktari alimwambia kwamba ingepita robo saa nyingine, asingekuwa anazungumza naye, angezungumza na ndugu waliokuja kumzika.

Jumatatu yake Redio aliitwa ghorofa ya pili. Alijua anafukuzwa, mazulia manne kwenye lifti moja. Akavaa sare safi. Meneja alifunga mlango, akamkaribisha kiti, akamwulizia mgonjwa kwa maneno mazuri. Kisha akabonyeza kitu kwenye kompyuta, na chumba kikajaa sauti ya Redio.

Ilikuwa ile ya kwanza. Asubuhi njema. Nasikitika kukusumbua. Kifua kinamsumbua kidogo. Na nyuma ya sauti yake, meneja hakuonekana kuusikia, ulikuwepo mlio mwembamba, unapanda na kushuka.

"Umekwama kwenye lifti," meneja alisema, "na bado unazungumza hivi. Hiki ndicho ninachotafuta. Kwa zile kelele za mwisho nimewaomba radhi kampuni ya lifti; nimewaambia ilikuwa hofu, si tabia yako. Sina haja ya kukufanyia usaili. Nafasi ni yako."

Redio alitazama mlango uliofungwa. Sauti yake mwenyewe ilikuwa bado inaomba fundi apite wakati wowote utakaomfaa. Akamwomba azime.

"Nataka wafagiaji wapande na simu zao," alisema. "Nataka mwenye dawa apande na dawa yake."

Alisema nataka, mara mbili, kwa Kiingereza, akimtazama usoni. Meneja akaegemea kiti.

"Hilo ni wazo la kuvutia sana," alijibu. "Tutalitazama."

Safu ya tatu. Redio alitamani, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kutoelewa.

Hakuinuka. Alikaa, mikono mapajani, kama anavyokaa mtu kwenye foleni ya hospitali, na akarudia maneno yale yale, si kwa hasira. Nataka mwenye dawa apande na dawa yake. Meneja alizunguka, naye akayarudia. Mara ya tano meneja alikohoa, akachukua kalamu, akaandika: dawa, ndiyo, kwa barua ya daktari. Simu, hapana. Bangili ile ilikuwa bado inatawala.

"Nusu," Wifi alisema jioni, amerudi nyumbani, ameegemezwa mito mitatu. "Na hiyo kazi?"

"Nimemwambia nitamjibu kesho."

"Utamjibu nini? Utakubali. Mtu akitafutiwa kiti akikatae?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimezaliwa na dekio. Nitarudi nikipata nguvu." Akavuta pumzi, akaipima, akaona inatosha utani. "Ila kabla hujahamia Uingereza, nifundishe yale maneno. Yale ya kelele. Si yale ya chumvi."

Basi Redio alifungua daftari. Kurasa zote arobaini zilikuwa zimejaa. Akaandika kwenye jalada, kwa herufi kubwa, maneno matano, na Wifi aliyarudia kitandani, akiyapiga kama anayefukuza kuku, mpaka jirani akagonga ukuta.

"Hodi huko! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, jirani!" Wifi aliitikia. "Tunasoma!"

Sasa Redio anakaa mapokezi. Kiti kina magurudumu, na hewa ni ya baridi kiasi kwamba amejinunulia sweta. Simu haipumziki. Wapangaji wenye hasira huletwa kwake, naye huwazungusha taratibu mpaka wanasahau walikuja na nini, na meneja akipita hutikisa kichwa kwa kuridhika. Baba Paka alipoambiwa alimtumia picha ya paka anayepiga makofi. Redio hakumweleza ya lifti. Hakujua angeanzia safu gani.

Ukutani mkabala na meza yake kuna lifti mbili za wapangaji, na juu ya mlango wa korido ya nyuma kuna kidirisha kidogo chenye namba nyekundu. Hiyo ni ya lifti ya mizigo. Aliyekaa pale kabla yake hakuwahi kuitazama.

Wifi alirudi kazini wiki ya sita, pampu imefungwa kwenye pindo la kitambaa cha kichwa, barua ya daktari kwenye kasha namba tisa pamoja na simu. Asubuhi hupita korido ile na mapipa yake, huchungulia na kusema, "Malkia hajambo?" Redio humjibu hajambo. Kisha milango ya nyuma hufunga, na namba huanza kupanda.

Leo mpangaji wa ghorofa ya nne yuko kwenye simu, analalamikia maegesho ya gari. Redio anamwambia anaelewa kabisa jinsi jambo hili linavyokera. Nne. Anamwambia angependa sana kulitazama. Tano. Kalamu iko mkononi, sauti ni tulivu, kila neno liko mahali pake.

Sita.

Mpangaji anauliza kama bado yupo.

Sita. Sita bado. Redio ameacha kuvuta pumzi. Mguu wake umeshagusa chini, kiti kimerudi nyuma peke yake, na mkono wa simu unashuka mezani polepole, mpangaji akiita humo ndani kama mdudu kwenye chupa.

Saba.

Anaketi. Anainua simu sikioni, anamwomba radhi mpangaji, anamwambia hakuna shida yoyote. Macho hayajatoka kwenye ile namba. Zimebaki ghorofa mbili kwenda, na tisa za kurudi.